Jinsi ya Kupima Ushauri kwa Kisado: Mwongozo wa Kiingereza kutoka Soko la Lushoto

Chukua kikapu, daftari na kalamu, kisha panda gari la asubuhi kutoka Mombo kwenda Lushoto, juu katika milima ya Usambara. Kikapu usikisahau. Mtu anayezunguka gulioni akiuliza maswali bila kununua hata nyanya moja huchokwa mapema, na somo hili lina maswali mengi. Kilomita 33 za kona kupitia Soni zinatosha kukutuliza akili, ila usijaribu kuandika chochote mpaka ufike juu.

Kusudi la safari ni moja: ukishuka, uwe umeacha kabisa kuandika "informations", "furnitures", "advices" na "much people". Makosa haya yamo katika madaftari ya sekondari kutoka Tanga hadi Kigoma, yamo katika barua za maombi ya kazi, yamo kwenye vibao vya maduka. Mwanafunzi hayafanyi kwa uvivu. Amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, amefika kidato cha kwanza, na ghafla anakabidhiwa orodha: nomino hizi zinahesabika, hizi hazihesabiki, kariri. Anakariri, anafanya mtihani, anasahau. Orodha hiyo imewalia watoto wetu muda mwingi. Akina mama wanaouza maharage Lushoto wangeweza kuwafundisha jambo lile lile kwa asubuhi moja, na sitanii.

Anza kwa kulifuta neno "zisizohesabika". Mtoto akilisikia anafikiria nyota, mchanga wa Pangani, majani ya msituni Magamba: vitu vilivyo vingi mno hata hesabu ikashindwa. Kisha mwalimu anamwambia kwamba "stars" zinahesabika na "money" haihesabiki. Nyota nani amezimaliza? Na pesa nani hajazihesabu, tena mara mbili, tena kwa kulowesha kidole? Mtoto mwenye akili timamu akisikia hivyo anafunga daftari, na ana haki.

Sasa simama katikati ya soko utazame mikono ya wauzaji. Mikono inafanya kazi mbili. Ipo inayohesabu: kabichi moja, mbili, tatu, peasi tano, mikungu miwili ya ndizi. Ipo inayopima: mchele uliopanda kutoka mashamba ya umwagiliaji ya Mombo, unga, chumvi, mafuta ya kula yanayomiminwa chupani. Hakuna aliyemfundisha mama huyu kwamba kabichi haimiminwi na mafuta hayapangwi mafungu, wala hajakosea hata siku moja. Andika kwenye daftari kwa herufi kubwa: ZINAZOHESABIWA, ZINAZOPIMWA. Nomino ya Kiingereza inakuuliza swali hilo tu. Otto Jespersen, mwanaisimu wa Denmark, katika kitabu chake The Philosophy of Grammar cha mwaka 1924, aliyaita makundi hayo "countables" na "mass-words". Jina la pili halisemi kwamba hesabu imeshindikana. Linasema kitu kinachukuliwa kwa ujumla wake, na ukitaka sehemu yake sharti uwe na chombo.

Vyombo ndivyo utajiri wa soko hili, kwa hiyo usiviharakie. Fungu la karoti. Kisado cha nyanya. Debe la lita 20. Ndoo ya maziwa. Tenga. Gunia. Watu wa pwani walikuwa na kibaba, na kisaga cha vibaba viwili, na pishi ya vibaba vinne, na biashara ilikwenda. Kiingereza kinafanya vivyo hivyo: "a cup of", "a bucket of", "a sack of", "a heap of". Kinachohesabiwa ni chombo. Ukisema "two buckets of milk", wingi umekaa kwenye ndoo na maziwa yamebaki yalivyo. Mwanafunzi anayeandika "two bucket of milks" ameacha kuihesabu ndoo akayahesabu maziwa, jambo ambalo hapa sokoni hata mtoto wa kutumwa hawezi kulifanya.

Ukishafika hapo, jaribu swali la ngapi. Uliza, "Mama, una kabichi ngapi?" Atakujibu. Uliza, "Mama, una mchele kiasi gani?" Atakujibu. Uliza, "Mama, una michele mingapi?" Atakutazama kwanza usoni, halafu atakuuliza unatoka wapi. Hilo tazamo ndilo sarufi. Ngapi ni "how many". Kiasi gani ni "how much". Ukiwa upande wa ngapi unapata pia "few", "several" na "a number of". Ukiwa upande wa kiasi gani unapata "little" na "an amount of". Kisha kuna maneno yasiyochagua upande: "some", "any", "enough", "plenty of", "a lot of". Haya yashike vizuri, hasa "a lot of", kwa sababu "much" katika sentensi ya kukubali husikika kama nguo ya kuazima. Mwingereza hasemi kwa kawaida "I have much rice". Anasema "I have a lot of rice", na "much" anaiweka kwenye swali na kwenye kukanusha.

Chanzo cha "much people" ni kwamba Kiswahili kina kivumishi kimoja, -ingi, kinachofanya kazi pande zote. Watu wengi, maji mengi, mchele mwingi. Kazi ya kutofautisha tumeiachia ngeli. Kwa hiyo usiingie Kiingereza kupitia -ingi. Ingia kupitia uchache, maana huko tayari tunatofautisha. Tunasema watu wachache, viazi vichache, siku chache. Lakini tunasema maji kidogo, unga kidogo, chumvi kidogo. Hakuna anayesema maji machache. Mwanafunzi anayejua hilo, na wote wanalijua tangu wanatambaa, tayari ana "few" na "little" mdomoni. Kilichobaki ni mwalimu amwonyeshe alichonacho.

Hapa msomaji makini atanizuia. Viazi je? Viazi mviringo vya Lushoto vinauzwa kwa kisado na kwa gunia, havihesabiwi kimoja kimoja, mbona Kiingereza kinasema "many potatoes"? Ni hoja nzuri, na inahitaji jaribio la pili. Chukua kimoja mkononi, uulize kama bado kina jina lile lile. Kiazi kimoja bado ni kiazi: "a potato". Harage moja bado ni harage: "a bean". Lakini chembe moja ya mchele si mchele mmoja, ni punje ya mchele: "a grain of rice". Maji ukichukua kidogo kabisa kwa ncha ya kidole, unapata tone la maji. Kitu kinachodai jina jingine ili kipatikane kimoja ni kitu cha kupimwa, hata kama ukikaa chini kwa subira ungeweza kuhesabu punje zake zote.

Jaribio hili linafaulu mara nyingi, ila si mara zote. Mahindi yetu yana umoja na wingi, hindi na mahindi, wakati "maize" ya Kiingereza inapimwa tu na haitaki "s". "Wheat" inapimwa, "oats" iko katika wingi, na shambani mimea hiyo miwili inafanana kama ndugu. Usitafute hekima hapo, hakuna. Lugha hukusanya desturi zake polepole, na nyingine zinatokana na masikio. Njegere ni shahidi mzuri. Zamani Waingereza walisema "pease", neno la kupimwa, sawa kabisa na mchele. Sauti yake ya mwisho ikafanana na "s" ya wingi, watu wakadhani ni wingi, na kufikia karne ya 17 walikuwa wameikata wakapata "pea", punje moja. Wenye lugha walikosea, wakakosea pamoja, na leo ndiyo sahihi. Mwambie mwanafunzi kisa hiki, ajue kwamba neno analolihangaikia lina historia ya binadamu kama yeye. Lakini mwambie pia kwamba mtihani wa kidato cha nne unasahihishwa mwaka huu huu.

Pesa zinahitaji uangalifu wa pekee, maana hapa mantiki ya sokoni inaonekana kukuacha njiani. Tunauliza "Shilingi ngapi?" na Mwingereza anauliza "How much?" Swali lake limekatwa mkia: anauliza "money" kiasi gani. Akitaja sarafu yenyewe anarudi kwenye ngapi: "how many shillings". Shika sarafu mkononi ufanye jaribio letu. Inaitwa sarafu, inaitwa shilingi mia. Haiitwi "pesa moja" kwa maana ya leo, na Kiingereza hakina "a money". Noti zinahesabiwa, thamani inapimwa.

Njaa ikikuuma, ingia mgahawani, na uingie na daftari, kwa sababu mgahawa unavunja kanuni zote ulizojifunza kwenye meza ya mchele. Sikiliza mteja wa meza ya jirani: "Dada, naomba maji madogo mawili na chai tatu." Maji mawili! Asubuhi nzima tumesema maji hayahesabiwi, na huyu bwana ameyahesabu mbele ya watu, na dada ameelewa na ameleta. Chupa imemezwa na neno. Kikombe kimemezwa na neno. Kiingereza nacho kinaruhusu hivyo mezani: "two waters and three teas". Kinaruhusu pia unapotaja aina. Mnunuzi anayelinganisha majani ya Herkulu na ya Mponde anaweza kusema "two teas" akimaanisha chai za namna mbili. Nomino hazikuzaliwa na chapa usoni. Ni matumizi yanayoamua kama kitu kimekuja kama kimoja au kama wingi wa kumiminwa.

Kwa hiyo agiza kwa uangalifu. Ukisema "I ate chicken", umekula nyama ya kuku. Ukisema "I ate a chicken", umemmaliza kuku mzima peke yako, na mwenyeji wako ana haki ya kukushangaa. "Cabbage" ni mboga iliyokatwa sahanini, "a cabbage" ni ile duara uliyoiacha sokoni. "Hair" ni nywele zako zote kwa pamoja, kwa hiyo usiandike "my hairs are black". Lakini ukiona mmoja kwenye supu, huo ni "a hair", na unayo ruhusa ya kuutaja kwa umoja na kwa sauti.

Maji yana mtego mwingine, wa upatanisho. Kiswahili kinayaweka katika ngeli ya wingi bila kuwapo umoja: maji yamejaa, maziwa yamechacha, mafuta yamemwagika. Wenyeji wa milima hii wana "mazi" katika Kishambaa, na desturi ni ile ile. Ndiyo maana mwanafunzi wetu huandika "the water are". Amehamisha ngeli yake kwa uaminifu mkubwa. Usimcheke. Mweleze kwamba katika Kiingereza kila kinachopimwa hubeba kitenzi cha umoja: "the water is", "the milk is", "the oil is". Kanuni hii ni fupi na haina hila. Ukitaka kumtia moyo zaidi, mwambie habari za wamisionari waliokuja huku wakajifunza lugha zetu. Johann Ludwig Krapf alipanda hadi Vuga mwaka 1848 kumwona mfalme Kimweri ye Nyumbai. Edward Steere alichapisha Zanzibar mwaka 1867 makusanyo yake kuhusu Kishambaa, na mwaka 1870 akatoa kitabu chake maarufu cha Kiswahili. Watu hao walikaa chini wakajifunza ngeli zetu zote, moja baada ya nyingine, na upatanisho wake wote. Kijana anayezimudu ngeli hizo bila kufikiri, tena katika lugha mbili kama walivyo vijana wengi wa Usambara, hawezi kushindwa na makundi mawili.

Baada ya kula, tembea hadi Irente, pale jabali linapokatika na tambarare ya Mazinde inaonekana chini kabisa. Utakutana na vijana wanaoongoza watalii, na hapa kuna jambo ambalo kwao si la darasani. "Few" na "a few" zinatenganishwa na herufi moja, na vivyo hivyo "little" na "a little", lakini maana zake zinatazama pande mbili. Muuzaji akisema "I have a few pears", anakukaribisha: zipo kadhaa, njoo. Akisema "I have few pears", analalamika: zimekaribia kwisha, na mteja ataondoka. Kosa la muuzaji linamgharimu peasi. La kiongozi wa msafara ni zito zaidi. Wapo wageni wanaotembea kwa miguu siku kadhaa kutoka Lushoto hadi Mtae. Kiongozi akiwaambia "There is a little water ahead", wataelewa kwamba watapata ya kutosha kulowesha koo. Akisema "There is little water ahead", wataelewa wajaze chupa sasa hivi. Ile "a" ndogo ina uzito wa chupa nzima. Kiswahili kinalimaliza jambo hili kwa maneno mengine: "yapo kidogo" ni tumaini, "ni kidogo mno" ni onyo. Ningependa kila kijana anayeongoza wageni milimani afundishwe tofauti hii kabla ya kufundishwa jina la ndege yeyote.

Kuna maneno ambayo meza ya mchele haiwezi kuyaeleza: "furniture", "luggage", "equipment", "information", "news", "advice". Haya ndiyo yanayoangusha watu wazima wenye shahada. Samani hazimiminwi. Fundi aliyenunua mbao za msonobari wa Shume akatengeneza kitanda, meza na kabati, anaona vitu vitatu mbele yake, na ukimwambia kwamba "furniture" haihesabiwi atakuonyesha kwa kidole: kimoja, viwili, vitatu. Utamjibu nini?

Mjibu kwa neno mali. Mtu ana ng'ombe wawili, shamba la viazi, nyumba ya bati na baiskeli. Hiyo yote ni mali. Lakini hakuna Mswahili anayesema "nina mali nne". Tunasema ana mali nyingi, ana mali kidogo, hana mali. Ng'ombe unamhesabu, mali huihesabu, kwa sababu mali ni jina la jumla lililowafunika wote. "Furniture" ni mali ya ndani ya nyumba. "Luggage" ni mali ya safarini. "Equipment" ni mali ya kazini. Kitanda ni "a bed", lakini si "a furniture". Konda pale Mombo anapokuuliza una mizigo mingapi, yeye anahesabu mabegi, na kwa Kiingereza angeuliza "how many bags" au "how much luggage", asichanganye. Nimeona maelezo ya neno mali yakimwingia mtu ndani ya dakika chache, baada ya orodha za vitabuni kumshinda kwa miaka.

Habari na ushauri ni rahisi zaidi ukizikamata vizuri. Tunasalimiana "Habari za asubuhi", kwa wingi, na ndiyo maana mkono unaandika "many informations". Jaribu kuingia kupitia ushauri. Ushauri hauna wingi wake. Ukisema mashauri umekwenda barazani au mahakamani. Ushauri mwingi, ushauri kidogo, ushauri mzuri. "Advice" inakaa hivyo hivyo, na "information" inakaa naye benchi moja. Ukitaka kuihesabu, Kiingereza kinakupa chombo cha ajabu kinachoitwa "a piece of", kipande. Kipande cha ushauri, kipande cha habari, kipande cha samani, kipande cha mzigo. Hicho ndicho kisado cha maneno yasiyoingia kwenye kisado, nacho kinawafaa wote kwa bei moja. "News" ina "s" mwishoni lakini ni umoja: "the news is good". Na wasomi wetu, ambao siku hizi wanapenda kuandika tafiti kwa wingi, wakumbuke kwamba "research" ya Kiingereza hupimwa. Wenzetu huandika "studies" wanapotaka kuhesabu.

Kuhusu "less" na "fewer" sitakaa sana. Kanuni ya shuleni ni kwamba "fewer" ni ya vinavyohesabiwa, "less" ni ya vinavyopimwa: "fewer cabbages", "less rice". Fundisha hivyo, mtihani unataka hivyo. Ila ujue chimbuko lake. Kabla ya kanuni hiyo Waingereza walitumia "less" kwa vyote kwa karne nyingi, na mwaka 1770 mtu mmoja aitwaye Robert Baker aliandika kwamba yeye anaona "fewer" ingependeza zaidi kwa idadi. Maoni ya mtu mmoja yakageuka sheria. Yalishika nguvu kiasi kwamba mwaka 2008 maduka ya Tesco huko Uingereza yalibadilisha vibao vya foleni ya wenye bidhaa chache. Vilikuwa vinasema "10 items or less", vikaandikwa "Up to 10 items", baada ya wateja kulalamika kwa muda mrefu. Tofauti ya "much" na "many" ina mizizi. Hii ya "less" ni ya kuipa heshima ya wastani.

Nguvu zako zitunze kwa ajili ya gunia, maana hapo sarufi inagusa jasho la mtu.

Nenda pembeni ya soko ambako malori yanapakia kwa safari ya Dar es Salaam. Utaona magunia ya viazi, karoti na kabichi yaliyojazwa hadi mdomoni, kisha yakaongezwa juu, yakashonewa kipande kingine, mpaka yakawa na nundu. Hiyo ni lumbesa. Dalali anaihesabu: gunia moja. Mkulima aliyelima mteremko mkali kwa jembe la mkono, akabeba mzigo kichwani hadi barabarani, analipwa gunia moja. Mjini nundu ile inafumuliwa na kuuzwa kwa visado na mafungu, na hapo kila kiazi kinaonekana. Njiani kitu kilichohesabiwa kama kimoja kimegeuka kuwa kimoja na zaidi, na ile zaidi haikulipwa.

Sheria iko upande wa mkulima. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na kanuni zake zinataka mazao ya shambani yafungashwe kwa uzito usiozidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo wana kazi ya kulisimamia hilo. Lakini afisa mmoja mwenye mzani hawezi kuwa Soni, Lukozi na Mlalo kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mfundishe mtoto wa mkulima hesabu hii katika kipindi cha Kiingereza. Nundu ikiwa na kilo 20 juu ya zile 100, magunia matano yamelibeba la sita mgongoni bure.

Kisha mfundishe sarufi yake. "A sack of potatoes" inahesabu gunia. Viazi vilivyomo haijavisema. Namba iliyo kwenye sentensi ni ya chombo, na chombo kisipojulikana kipimo chake namba hiyo haijamwambia mkulima chochote. Ndiyo sababu nimesisitiza vyombo tangu mwanzo. Mwanafunzi aliyeelewa kwa nini tunasema "two buckets of milk" amepata swali ambalo baba yake analihitaji siku ya kuuza. Mwandikishe maswali mawili, yakifuatana. La kwanza: "How many sacks are there?" La pili: "How many kilos are there in each sack?" Ayaandike kwa Kiingereza kwa ajili ya mwalimu na kwa Kiswahili kwa ajili ya lori.

Neno la kumtilia mkazo ni "each". Linakwenda na vinavyohesabiwa peke yake, linabeba umoja, na halikubali mambo ya jumla jumla. Linataka kila gunia lipande mzani peke yake, nundu ikiwa imeshafunguliwa, na uzito wake uandikwe daftarini kabla dereva hajawasha injini.